Pikapu, Sumaku na Uzi: Namna ya Kuboresha Gita la Umeme la Bei Nafuu

Utangulizi

Katika mitaa ya magharibi mwa jiji la Nairobi, sauti ya gita la umeme si jambo geni. Apitaye Kabiria siku ya Jumapili asubuhi, akitoka Riruta Satellite kuelekea Waithaka, huisikia ikitoka makanisani. Na apitaye siku za wiki huweza kuisikia ikitoka katika chumba kimoja cha kupanga ambamo kijana anafanya mazoezi. Gita hilo aghalabu ni la bei nafuu. Limetengenezwa kiwandani, mara nyingi Uchina au Indonesia, na pengine limekwisha kupita mikononi mwa wapigaji wawili au watatu kabla ya kumfikia huyu wa sasa. Mwenyewe hulipenda, lakini ana malalamiko mawili: linanguruma hata lisipopigwa, na sauti yake ni nzito, haina ncha. Akiwauliza wenzake, jibu huwa moja: "Badilisha pikapu."

Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Pikapu mpya inaweza kulifanya gita nafuu liimbe kama lile la bei ya juu. Inaweza pia kumla mtu akiba yake ya miezi na mngurumo usiondoke. Lililo zito zaidi ni kwamba mngurumo huenda ukawa dalili ya hatari inayoweza kuutoa uhai wa mpigaji. Makala haya yanadhamiria kueleza pikapu ni kitu gani, inavyofanya kazi, kwa nini pikapu za magita nafuu husikika zilivyo, na hatua za kufuatwa na anayetaka kuzibadilisha. Mwishoni yanagusia swali linalowahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili: je, kifaa hiki kiitweje?

Pikapu ni Nini?

Msingi wa pikapu ni kanuni iliyogunduliwa na mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikitikiswa karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Pikapu ya gita ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba mno, wa unene wa takriban milimita 0.06, yaani kama unywele wa mtu. Waya huo huzungushwa maelfu ya mara. Katika pikapu nyingi za koili moja mizunguko hufika kama 7,000 au 8,000.

Juu ya sumaku hupita nyuzi za gita ambazo ni za chuma. Sumaku huutia uzi wa chuma nguvu yake kidogo, hata uzi wenyewe ukawa kama kisumaku. Unapodonolewa, uzi hutetemeka, na mtetemo huo huuvurugavuruga uga wa sumaku ulioizunguka koili. Hapo umeme hafifu huzaliwa, unaopanda na kushuka kwa mwendo uleule wa uzi. Umeme huo hupita katika vitufe vya kurekebishia sauti, ukaingia katika waya hadi kwenye amplifaya, nayo ikaukuza mpaka ukaweza kusukuma spika.

Kutokana na maelezo haya, mambo mawili yanabainika. Kwanza, pikapu haisikii sauti kama maikrofoni isikiavyo. Huhisi mwendo wa chuma tu. Ndiyo maana gita lenye nyuzi za nailoni haliwezi kutumia pikapu ya aina hii. Pili, mahali pikapu ilipowekwa pana maana kubwa. Iliyo karibu na shingo huwa chini ya sehemu ambapo uzi hutetemeka kwa upana, hivyo sauti yake huwa nene na laini. Iliyo karibu na daraja huwa chini ya sehemu ambapo uzi umekazwa, hivyo sauti yake huwa kali na yenye ncha. Mpigaji anayelalamikia uzito wa sauti yafaa kwanza ajiulize kama swichi yake imeelekezwa kwenye pikapu inayofaa.

Safari Fupi ya Kifaa Hiki

Gita la umeme lilianza kuuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. George Beauchamp, akishirikiana na Adolph Rickenbacker mjini Los Angeles, alibuni gita la alumini lenye sumaku za umbo la kiatu cha farasi, na mwaka 1937 akapewa hataza. Mwaka 1954 kampuni ya Leo Fender ilitoa gita la Stratocaster lenye pikapu tatu za koili moja. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, aliwasilisha ombi la hataza ya pikapu ya koili mbili iliyonuiwa kuua mngurumo. Hataza hiyo ilitolewa mwaka 1959. Magita mengi ya bei nafuu yanayouzwa leo duniani, pamoja na yale ya Nairobi, ni vizazi vya miundo hiyo miwili, ule wa Fender na ule wa Gibson.

Hapa Kenya, Fundi Konde hutajwa miongoni mwa wanamuziki wa mwanzo kulipiga gita la umeme. Baadaye wapigaji wa benga, akiwamo D. O. Misiani wa Shirati Jazz aliyefariki mwaka 2006, walilipa gita la umeme kazi iliyokuwa ya nyatiti: mdundo wa haraka, nyuzi za juu zikijibizana na mwimbaji. Bendi zilizoimba kwa Kiswahili jijini Nairobi, kama vile Simba Wanyika, na Les Wanyika iliyoundwa mwaka 1978, zilisuka magita kadhaa pamoja, kila moja likiwa na njia yake: solo, rizimu na besi.

Historia hii ina funzo kwa mpigaji wa Kabiria. Katika muziki wa namna hii, gita halisimami peke yake. Hujibu maneno ya wimbo. Gita la solo lenye sauti nzito isiyo na ncha hulivamia eneo la besi na kuyafunika maneno ya mwimbaji. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, hilo si suala la ufundi pekee. Ubeti usiosikika haumfikii msikilizaji, hata uwe umetungwa kwa ustadi gani.

Mngurumo Hutoka Wapi?

Koili ya pikapu haibagui. Hunasa mtetemo wa uzi, na hunasa pia uga wa sumaku unaotoka katika nyaya za umeme, transfoma, taa na chaja zilizo karibu. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Ule wa Marekani hukamilisha mizunguko 60. Mngurumo unaosikika katika gita la Nairobi basi ni sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde pamoja na marudufu yake: 100, 150 na kuendelea. Noti ya G katika uzi mnene kabisa wa gita ina mitetemo 98 kwa sekunde. Ndiyo kusema kwamba mngurumo unakaa jirani kabisa na noti za chini za gita, na hauwezi kupunguzwa kwa kitufe bila kuziumiza noti hizo.

Pikapu ya koili mbili hutatua tatizo hili kwa ujanja. Koili moja huunganishwa kinyume cha nyingine, na sumaku zake pia hugeuzwa. Kelele ya nje huingia katika koili zote mbili kwa namna moja. Kwa kuwa koili zimepingana, kelele hizo hufutana. Lakini mtetemo wa uzi, kwa sababu umegeuzwa mara mbili, yaani kwa koili na kwa sumaku, hutoka ukiwa mmoja na hujumlishwa. Katika magita mengi yenye pikapu tatu za koili moja, ile ya katikati hutengenezwa kinyume cha wenzake kwa sababu hiyohiyo. Mwenye gita kama hilo anaweza kujaribu bila gharama: aisogeze swichi mahali ambapo pikapu mbili zinafanya kazi pamoja. Mngurumo ukitoweka hapo, basi chanzo chake ni koili, wala si waya uliokatika.

Nafuu na Ghali Hutofautianaje?

Pikapu nyingi za magita nafuu hutumia bamba la sumaku ya seramiki lililobandikwa chini ya vijiti vya chuma. Pikapu za muundo wa zamani hutumia vijiti ambavyo vyenyewe ni sumaku ya alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Seramiki si mbaya kwa asili yake. Zipo pikapu za bei kubwa zinazoitumia. Tofauti huja katika uangalifu: idadi ya mizunguko, mkazo wa waya, na kama koili imechovywa katika nta. Koili isiyo na nta huacha nyaya zitikisike, na amplifaya ikipandishwa pikapu hupiga yowe lisilodhibitika.

Wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa koili kana kwamba ndio kipimo cha ubora. Pikapu ya koili moja ya kawaida huwa na ukinzani wa omu kama 6,000. Ya koili mbili ya muundo wa zamani huwa na kama 7,500 hadi 8,500. Ukinzani mkubwa mara nyingi humaanisha mizunguko mingi zaidi, na mizunguko mingi huongeza nguvu lakini hupunguza ung'avu. Kwa hiyo mpigaji wa benga anayenunua pikapu yenye nguvu kuliko zote huenda akatoka na sauti nzito kuliko aliyokuwa akiikimbia.

Kabla ya Kununua

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Zipo nyufa za kuzibwa kwanza.

La kwanza ni nyuzi. Nyuzi zilizoota kutu hupoteza ncha ya sauti. Seti mpya hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya pikapu.

La pili ni kimo cha pikapu. Kila pikapu hushikiliwa na skrubu zinazoweza kuipandisha au kuishusha. Uzi ukibonyezwa mwisho wa shingo, nafasi kati yake na pikapu yafaa iwe kama milimita 2 au 3. Pikapu ikikaribia mno, sumaku huuvuta uzi na noti huyumba. Ikiwa mbali mno, sauti hufifia.

La tatu ni vitufe vya sauti. Pikapu za koili moja hutumia vitufe vya omu 250,000 kwa kawaida, na za koili mbili omu 500,000. Kitufe chenye ukinzani mdogo humwaga sauti za juu. Gita la koili mbili lililotiwa vitufe vya omu 250,000 litasikika limeziba, na tiba yake ni vitufe wala si pikapu.

La nne ni waya wa ardhi. Ndani ya gita upo waya unaounganisha daraja, vitufe na tundu la kuchomekea. Mpigaji aguse nyuzi. Mngurumo ukipungua, waya huo unafanya kazi. Usipobadilika, huenda umekatika. Ukiongezeka, yawezekana nyaya mbili za tundu zimebadilishana mahali.

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko mengine yote. Mpigaji wa gita la umeme ameshika chuma kilichounganishwa na amplifaya. Amplifaya isiyo na njia ya kuupeleka umeme ardhini, ikipata hitilafu, huzitia umeme nyuzi za gita. Na mpigaji akiigusa maikrofoni iliyounganishwa kwingine, umeme hupita mwilini mwake. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, mpigaji gita Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani kwa namna hiyo, alipoigusa maikrofoni isiyounganishwa na ardhi. Plagi ya Kenya ina miguu mitatu, na ule mrefu wa juu ndio wa ardhi. Anayeunganisha amplifaya kwa waya wa kurefushia wenye nyaya mbili tu, au anayeukata waya wa ardhi ili kuondoa mngurumo, ameua mlinzi kwa sababu alikuwa akipiga kelele. Hakuna pikapu inayoweza kuponya kosa hilo. Mpigaji anayehisi mchomo kidogo midomoni au vidoleni anapokaribia maikrofoni hana budi kuacha kupiga papo hapo na kumwita fundi umeme.

Mwisho, gita lenyewe litazamwe. Shingo ikiwa imepinda isirekebishike, au vijiti vya shingoni vimelika, pikapu mpya itayatangaza makosa hayo kwa sauti safi zaidi.

Hatua za Kubadilisha

Ichukuliwe sasa kwamba kijana wa Kabiria amekwisha kuyakagua hayo yote na bado pikapu ndiyo yenye dosari. Hatua zifuatazo zitamfaa.

Kwanza apime. Pikapu hazina ukubwa mmoja. Apime urefu, upana na kina cha shimo, na umbali kutoka kijiti cha uzi wa kwanza hadi cha uzi wa sita. Katika pikapu nyingi umbali huo ni kati ya milimita 48 na 53. Pikapu isiyoingia shimoni humlazimu mtu kuchonga mbao, na kosa la mbao halifutiki.

Pili aikague pikapu ya zamani kwa mita ya umeme, kifaa kinachopatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue. Mita ikionyesha maelfu ya omu, koili ni nzima. Isipoonyesha kipimo chochote, waya umekatika mahali fulani. Mara nyingi hukatika pale waya mwembamba unapoungana na ule mnene, na fundi mwenye jicho kali na mkono mtulivu anaweza kuulehemu upya bila kununua kitu.

Tatu achore. Kabla ya kufungua kiungo chochote, achore katika karatasi kila waya, rangi yake na mahali unapokwenda. Kampuni tofauti hutumia rangi tofauti kwa kazi ileile, kwa hiyo rangi pekee zisiaminiwe. Karatasi iliyokuja na pikapu mpya ndiyo mwongozo.

Nne alehemu. Chuma cha kulehemu cha wati 30 au 40 kinatosha. Lehemu iwe ile ya vifaa vya elektroniki, ya bati na risasi au isiyo na risasi, wala si ya kuzibia mabomba, kwa maana asidi yake hula shaba. Kiungo kipashwe moto kwanza, kisha lehemu iguswe juu ya kiungo, si juu ya chuma cha kulehemia. Sekunde chache zatosha. Joto la muda mrefu huharibu vitufe. Madirisha yafunguliwe, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Tano ajaribu kabla ya kufunga. Gita liunganishwe na amplifaya kwa sauti ya chini, kisha kila pikapu iguswe polepole kwa bisibisi: mlio wa "tok" unaonyesha kwamba ipo hai. Pikapu mbili zikipigwa pamoja na sauti ikawa nyembamba kama ya redio ndogo, maana yake moja inaipinga nyingine. Nyaya mbili za pikapu moja zikibadilishana mahali, dosari hiyo huondoka. Tahadhari moja: pikapu yenye kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wa ardhi isigeuzwe hivi kabla ya kifuniko kupewa waya wake wa ardhi wa peke yake.

Sita arekebishe kimo, kama ilivyoelezwa hapo juu, hadi pikapu zote zitoe sauti ya nguvu zinazokaribiana.

Kiitweje Kifaa Hiki?

Wapigaji wa Nairobi husema "pikapu", na neno hilo limekubaliwa na masikio ya wengi. Tatizo lake ni kwamba tayari ni jina la gari la mizigo. Muktadha hutofautisha, kwani hakuna atakayedhani kwamba gari limetiwa ndani ya gita. Hata hivyo mwanaistilahi angetaka neno linaloeleza kazi ya kifaa. "Kinasasauti" huja akilini upesi, ila lina kasoro mbili: limekwisha kutumika kwa maana nyingine, na halisemi kweli, kwa sababu kifaa hiki hakinasi sauti. Kinanasa mtetemo. "Kinasamtetemo" lingekuwa jina sahihi zaidi, ingawa refu. Litashinda lipi? Istilahi huamuliwa na watumiaji, na mtumiaji mwenye haraka hupenda neno fupi.

Linalotia moyo ni kwamba kazi yote iliyoelezwa hapa imesemeka kwa maneno ambayo mengi yake ni ya siku nyingi katika Kiswahili: sumaku, shaba, nta, lehemu, uzi, daraja, shingo. Maneno ya kukopa, kama koili na amplifaya, ni machache na hukaa kwa amani miongoni mwa hayo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pikapu ni chombo sahili cha sumaku na shaba, kwamba kasoro nyingi zinazosingiziwa pikapu hutoka kwingine, na kwamba kuibadilisha ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa kijana mwangalifu mwenye mita, chuma cha kulehemu na karatasi ya kuchorea. Utaratibu wa gharama ni huu: nyuzi kwanza, kimo pili, vitufe tatu, pikapu mwisho. Waya wa ardhi hauingii katika orodha hiyo ya gharama. Hutangulia yote, kwa sababu gita huweza kununuliwa jingine lakini mpigaji hanunuliki. Kijana wa Kabiria akiufuata utaratibu huo, huenda akagundua kwamba gita alilotaka kulibadilisha halikuwa na dosari kubwa, na akiba yake ikabaki. Na kama ni lazima pikapu zibadilishwe, atajua ni zipi na kwa sababu gani, na Jumapili ifuatayo maneno ya wimbo yatasikika.